Salme binti Said na vyombo vya nyumba yenye hakurudishiwa



Katika ukurasa huu tunaleta maisha ya mutu mwenye jina lake lilijulikana na mwenye alikufa zamani, ili tupate kitu cha kujifunza. Mara hii ni mwanamuke: Salme binti Said, binti ya sultani wa Zanzibar, mwenye watu wa Ulaya walimujua kwa jina la Emily Ruete. Najua wengine watauliza: binti ya mufalme wa pwani anaingia wapi katika mambo yetu sisi wa Kamina, wenye kurudi kutoka kambi za Zambia, wenye kurudi kutoka upande wa Malemba-Nkulu na Mitwaba, wenye kushuka treni na muzigo mumoja ku kichwa? Muwe na uvumilivu kidogo, mutaona.

Katika kazi yetu ya kuandika familia zenye zimerudi, kuko swali moja ku karatasi: nyumba yenu ilikuwa na nini? Karatasi iko na mistari mine tu: nyumba, shamba, mifugo, vyombo. Lakini mama mwenye kujibu hafuati mistari. Anaanza ku mulango, anasema ulikuwa wa mbao ya mukula. Anaingia, anaonyesha kwa mukono fasi ya kitanda, fasi ya sanduku la nguo, fasi ya mashini ya kushona, na musumari wenye bwana alikuwa anatundikia koti. Miaka imepita, nyumba imeanguka, lakini ndani ya kichwa chake hakuna kiti hata kimoja chenye kimesogea. Salme alifanya vilevile, na yeye alifanya kwa kalamu. Njo maana nimemuchagua.

Mutoto wa Mtoni

Zanzibar ni kisiwa cha Bahari ya Hindi. Kutoka kwetu mutu anachukua treni mupaka Kalemie, anavuka ziwa Tanganyika, kisha anapita Tanzania yote mupaka ku maji ya chumvi. Ni njia ndefu, lakini zamani watu waliitembea kwa miguu, na tutarudilia jambo hilo.

Salme alizaliwa kule tarehe 30 Agosti 1844, katika jumba lenye kuitwa Bet il Mtoni, inje ya muji, kando ya bahari, fasi yenye kijito kinaingia katika maji ya chumvi. Baba yake alikuwa Said bin Sultan, mutawala wa Oman na Zanzibar, mwenye alipenda kisiwa mupaka akahamisha kiti chake kutoka Muscat na kukaa kule. Katika lile jumba waliishi watu wengi sana, karibu elfu moja, ukihesabu wakubwa, watoto na watumishi. Katikati kulikuwa uwanja mukubwa wenye tausi, swala, mbuni, bata na kanga walitembea bila kufungwa, na watoto waliwafukuza na kutafuta mayai yao. Upande wa bahari kulikuwa baraza la mviringo la mbao, wanaliita benjile, fasi yenye sultani alitembea kwenda na kurudi akiwaza mambo yake, na fasi yenye alikuwa anakunywa kahawa na jamaa yake.

Sultani alikuwa na bibi mumoja wa ndoa mwenye kuheshimiwa juu ya wote, Azze binti Sef, na masuria wengi. Suria ni mwanamuke mwenye alinunuliwa ao alitekwa, kisha bwana akamuweka kuwa wake, na watoto wake wanahesabiwa kuwa watoto wa nyumba. Wakati Said alikufa aliacha watoto 36 wenye uzima, na wote mama zao walikuwa masuria.

Mama ya Salme aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mucherkesi, kutoka milima ya Kaukazi, mbali sana na Afrika. Wazazi wake walikuwa walimaji. Vita iliingia katika inchi, watu wenye silaha wakavamia nyumba, wakaua baba na mama, wakapandisha watoto ku farasi. Walikuwa watoto watatu. Wakatenganishwa, na Jilfidan hakusikia tena habari ya ndugu yake wala dada yake. Aliingia katika nyumba ya sultani akiwa na umri wa miaka saba ao nane hivi, meno ya utoto yalikuwa bado kumutoka. Hakurudi kwao hata siku moja. Kwa hiyo mbele ya kusikia uzuri wa chumba, tushike kwanza hii: mama wa kile chumba alikuwa mutoto wa vita, sawa watoto wetu wengi.

Chumba

Sasa tuingie. Viatu vinabaki ku mulango, hiyo ilikuwa sheria kwa wakubwa na kwa wadogo. Ndani ya nyumba wanawake walivaa viatu vya mbao vyenye kulia ku mawe wakitembea, lakini ku mulango wa chumba vilivuliwa na kupangwa. Chini kulikuwa mazulia ya Uajemi ao mikeka laini sana, yenye mutu aliweza kukaa na kulala juu yake bila kusikia ugumu wa sakafu.

Kuta zilikuwa za mawe, nene sana, juu ya joto. Ndani ya huo unene walikata mashimo marefu yenye kwenda karibu kutoka juu mupaka chini, kisha wakayagawa kwa mbao sawa vile sisi tunafanya etajeri. Watu wa pwani wanayaita zidaka. Katika zidaka njo utajiri wa bibi ulionekana. Hapo walipanga sahani za porselene zenye maua, magilasi ya kukatwa, mitungi ya shingo nyembamba, bakuli za kila rangi, yote mbili-mbili, kimoja huku na mwenzake kule, ili jicho lisipate kosa. Vyombo hivyo havikuwa vya kulia chakula. Vilikuwa vya kutazamwa, na bibi wa nyumba hakuuliza bei wakati aliona sahani yenye alikosa. Katika jumba lenye wanawake wengi hivyo, kila mumoja na chumba chake, mutu alijua heshima ya mwenzake kwa kutazama tu ukuta.

Kati ya kidaka na kidaka, ukuta haukubaki mutupu. Waliweka vioo vikubwa vya kujiangalia, vyenye kuanza ku kiti cha chini na kufika ku dari. Vioo hivyo viliagizwa Ulaya kwa vipimo vya ukuta wenyewe, merikebu ilivileta miezi mingi. Picha za watu hazikuwa nyingi, juu dini haikupenda mutu aige kazi ya Muumba. Lakini saa za ukutani walizipenda sana, na nyumba moja iliweza kuwa na nyingi, juu ya vioo ao kando yao. Katika vyumba vya wanaume, fasi ya saa na sahani ilijazwa silaha: mapanga ya Uarabuni, bunduki za Uajemi na za Waturuki, zenye fedha ku mushikio.

Ku pembe moja kilisimama kitanda. Kilikuwa cha muti muzito wa rangi nyekundu ya giza, kazi ya mafundi wa India, kimechongwa maua na majani pande zote, na juu yake kitambaa cheupe chepesi kilishuka sawa mustikere. Miguu ya kitanda ilikuwa mirefu sana. Bibi hakuweza kupanda hivi-hivi: alikanyaga kiti, ao mutumishi alimutolea kiganja cha mukono akakanyaga juu yake. Na chini ya kitanda, juu ya ule urefu, kulikuwa nafasi ya kulala mutu. Hapo njo yaya wa watoto alilala, ao mwanamuke mwenye kuangalia mugonjwa. Kumbukeni hiyo nafasi ya chini ya kitanda, nitairudilia.

Armwari haikuwako. Nguo na vitu vya bei vilikaa katika masanduku makubwa, mawili ao matatu ao zaidi katika chumba kimoja, ya muti uleule muzito, yamepigiliwa misumari midogo ya shaba ya manjano kwa mamia mupaka ikafanya mapambo. Ndani, mafundi waliweka fasi ya siri ya kuficha pesa na vitu vya zahabu. Viti vilikuwa vingi, vya namna mbalimbali. Meza ilikuwa kitu cha wakubwa sana tu.

Na dirisha? Dirisha na mulango vilikaa wazi muchana wote, kila wakati, isipokuwa mvua ikinyesha. Upepo wa bahari uliingia na kutoka. Mutoto alipita kutoka kwa mama yake mupaka kwa mama mwingine bila kupiga hodi ndefu. Kisha kulikuwa harufu: udi, ambari, miski, maji ya mawaridi. Nguo zilifukizwa mbele ya kuvaliwa. Salme alipozeeka katika inchi ya baridi, hiyo mulango wazi na hiyo harufu njo vitu vyenye vilimukosea kuliko zahabu.

Utajiri ule ulitoka wapi?

Siwezi kusifu chumba na kunyamaza juu ya jambo hili. Pesa ya vioo na sahani ilitoka ku karafuu, ku pembe za tembo, na ku biashara ya watu. Mashamba ya karafuu ya Zanzibar na Pemba yalilimwa na watumwa, na wengi wao waliletwa kutoka bara, maana yake kutoka huku kwetu na kwa majirani wetu. Miaka ile misafara ya wachuuzi ilikuwa imekwisha kuvuka Tanganyika. Msiri alijiweka mukubwa ku Bunkeya, na pembe, shaba na watu vilitoka kule kuelekea pwani. Wakati Muingereza Cameron alifika Kilemba mu 1874, ku kitenta cha Kasongo Kalombo, mulopwe wa Baluba, alikuta muchuuzi wa pwani Juma Merikani amekwisha kujenga na kukaa. Jina la merikani lilitoka ku kitambaa kile cheupe cha Marekani chenye wachuuzi walileta mu bara. Hata Kiswahili chenye ninaandikia hapa, mizizi yake moja ilipita njia ileile.

Kwa hiyo wakati tunatazama kile chumba, tusifikiri ni hadisi ya mbali. Kipande cha kile kioo kilinunuliwa kwa jasho la watu wenye walitoka vijiji sawa vyetu, na wale hakuna mutu aliandika nyumba zao zilikuwa na nini.

Salme mwenyewe hakuona hivyo. Katika kitabu chake alitetea utumwa wa Waarabu, akasema haukuwa mukali sawa ule wa Amerika, na kwamba Wazungu walikosea kuuondoa kwa haraka. Mama yake alikuwa ametekwa, lakini binti hakuunganisha hayo mawili. Nasema hivi bila kumuchukia. Mutu anaweza kuona muzuri sana dhuluma yenye alitendewa, na asione yenye ilimubeba ku kiganja kila usiku akipanda kitandani.

Kalamu ya siri

Akiwa na karibu miaka saba, Salme na mama yake walihama Mtoni, wakaenda kukaa mu muji na kaka yake Majid, katika nyumba yenye kuitwa Bet il Watoro. Jina hilo tu, watoro, linatosha kutufanya tucheke kidogo sisi wenye kutoroka. Huko alijifunza kupanda farasi na kupiga bunduki na upanga. Wasichana walifundishwa kusoma Korani, lakini kuandika haikuwa kazi ya mwanamuke. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mufupa wa bega la ngamia, wenye kutumiwa sawa ubao, akanakili maneno ya Korani moja-moja mupaka mukono ukazoea.

Baba yake alikufa baharini mu Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Mu 1859 kolera iliingia Zanzibar na mama yake akakufa. Salme alikuwa na miaka 15, yatima kabisa, na ndugu zake walikuwa wanagombana juu ya kiti. Majid alikuwa amekwisha kutawala. Barghash alitaka kumuondoa. Salme alikokotwa na dada yake Khole ku upande wa Barghash, na juu alijua kuandika, akawa karani wa wenye kuasi. Uasi ulishindwa, Waingereza walimusaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Kisha Salme akapatana na Majid, na Barghash hakumusamehe. Ile kalamu yenye alijifunza kwa siri ilimuletea taabu yake ya kwanza, na nyuma njo ilibaki mali yake ya mwisho.

Kuondoka

Miaka ilipita ku mashamba, kisha akarudi mu muji. Nyumba yake ilikuwa karibu na nyumba ya muchuuzi kijana wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana. Salme akashika mimba, na katika jamaa ile jambo hilo lilikuwa hatari ya maisha yake. Mu Agosti 1866, wakati wa sikukuu ya mwaka mupya wa Waswahili, wakati wanawake wanashuka baharini kuoga, alipanda merikebu ya vita ya Waingereza, Highflyer, ikamupeleka Aden. Kule alizaa mutoto kijana. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, na siku ileile akaolewa. Katika safari ya kwenda Ujerumani ule mutoto wa kwanza akakufa.

Ku Hamburg alikuwa na miaka 22. Mulango wa kule unafungwa, dirisha linafungwa, na baridi inaingia hata hivyo. Hakuna mutu wa kusema naye luga yake isipokuwa bwana. Walizaa watoto watatu, mu 1868, 1869 na 1870. Kisha, mu Agosti 1870, bwana yake akakanyagwa na tramu, akakufa. Mujane wa miaka 25, watoto watatu, katika inchi ya watu. Wale wenye waliishi kambini bila bwana wanajua maana ya huu musitari bila mimi kuueleza.

Pesa ilipunguka. Alihama muji na muji: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln. Alifundisha Kiarabu ili watoto wale. Na usiku aliandika. Kwanza alisema anaandikia watoto wake, ili wajue mama yao alitoka wapi. Kitabu kilitoka Berlin mu 1886, na ni kitabu chenye wataalamu wanakihesabu kuwa kati ya vya kwanza kabisa vyenye mwanamuke wa Kiarabu aliandika juu ya maisha yake na kuvitoa mbele ya watu. Humo njo alipanga tena chumba: zidaka, sahani, vioo, saa, kitanda, masanduku na misumari yao.

Kwa Baluba, watu wa Mbudye walikuwa na lukasa, ule ubao wenye shanga. Mwenye kujua anapitisha kidole: shanga hii ni mulopwe fulani, ile ni ziwa, hii ni njia yenye alipita. Salme alifanya lukasa yake kwa sahani na masanduku. Kila kitu ku ukuta kilishika jina la mutu na siku ya kwao.

Kurudi mara mbili

Alitafuta kurudi, na alitafuta pia sehemu yake ya urithi wa ndugu zake wenye walikufa nyuma. Barghash, yule mwenye alimuandikia barua wakati wa uasi, alikuwa sasa njo sultani. Mu 1875 Barghash alitembelea London, na Salme akaenda kule kumuona. Mukubwa mumoja wa Waingereza, Sir Bartle Frere, alimuomba aache, akamuahidi musaada kwa watoto. Aliacha. Kisha wakamuambia kwamba yeye ni mutu wa Ujerumani, Uingereza haihusike. Ahadi ikaishia hapo.

Mu 1885 Wajerumani wakamukumbuka. Bismarck alikuwa anataka inchi za bara mbele ya Zanzibar, na dada ya sultani mwenye kudai haki alikuwa kisababu kizuri. Wakamusafirisha yeye na watoto, merikebu za vita zikasimama mbele ya muji na mizinga yao. Salme alifikiri zimekuja kwa ajili yake. Barghash alikubali yenye Wajerumani walitaka juu ya inchi, na siku alikubali, dosie ya Salme ikawekwa pembeni. Watu wa kawaida mu mabarabara walimusalimia kwa furaha, ijapokuwa sultani hakutaka. Ndugu yake hakumupokea.

Alikwenda kutazama Bet il Mtoni. Alikuta magofu. Ngazi, paa, nyumba za kuogea, majani yamepanda juu ya yote. Miaka 19 ilikuwa imetosha. Mu 1888 alijaribu tena, sultani akiwa mwingine, na tena hakupata kitu.

Kisha hakurudi Ujerumani kukaa. Aliishi miaka mingi Beirut, karibu na luga ya baba yake, mupaka 1914. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924, na miaka 79. Kaburi lake liko Hamburg, ku makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na bwana yake. Katika vitu vyake kulikuwa kifuko kidogo cha muchanga wa pwani ya Zanzibar, chenye alibeba miaka yote, na walimuzika nacho.

Nyumba kubwa za baba yake hazikudumu. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilipiga majumba ya sultani katika vita yenye haikufika hata saa moja. Nyuma wakajenga tena fasi ya Bet il Sahel, na jumba hilo likafanywa makumbusho mu 1994. Humo chumba kimoja kimetolewa kwa ajili ya Salme. Chenye ndugu zake walimukatalia akiwa muzima, inchi ilimupatia miaka 70 kisha kufa kwake.

Tuchukue nini?

La kwanza, juu ya wenye kutubeba. Kila wakati wa kampanye kuko mukubwa mwenye kuja kusema atarudisha parsele za wenye walikimbia. Muulize yeye anatafuta nini, na siku atakipata dosie yako itawekwa wapi. Musaada tuupokee, lakini madai yabaki katika mukono wa chama na wa mwenye haki.

La pili, juu ya binti na wajane. Kuko familia zenye zinasema binti mwenye aliolewa mbali, ao mwenye alibadilisha dini, ao mwenye alizaa inje, hana tena neno juu ya nyumba ya baba. Kwa Salme njo ilikuwa hivyo. Kwetu sheria ni ingine: Kode ya Familia ya 1987, yenye ilirekebishwa mu 2016, inaweka watoto wote wa marehemu ku mustari wa kwanza wa urithi, binti na kijana sawasawa, na mujane iko na sehemu yake. Mutu akikufukuza kwa sababu wewe ni mwanamuke, anakudanganya.

La tatu, tuandike. Daftari ya mia mbili inatosha. Nyumba ilikuwa wapi, mipaka na nani, nani alikuwa shahidi, ndani kulikuwa nini, hata musumari wa koti. Tribinali haitakulipa musumari, lakini mwenye kujua musumari uko wapi, ni vigumu kumuambia hakuishi humo. Na wazee wenye hawajui kuandika, mutoto wa shule akae nao jioni moja, aandike wakisema.

Na wakati wa kuandika, tusisahau chini ya kitanda. Salme aliandika sahani na saa, lakini yaya mwenye alilala chini ya kile kitanda cha maua, jina lake hatuna, wala kijiji chake. Katika nyumba zetu pia kulikuwa watu hivyo: mutoto wa ndugu mwenye alichota maji, yaya, mupangaji wa nyumba ya nyuma, kijana wa shamba. Wao pia walikimbia, wao pia walipoteza kitu. Wakati unahesabu nyumba yako, weka jina lao ku daftari.

Katibu wa chama anapokea madaftari kila Siku ya Posho, kisha mukutano. Tubaki na amani.